Bawaba Iliyonyamazishwa

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi seremala ambaye majirani wamembandika jina la Mama Vipande yuko mbele ya kabati tupu. Anafungua mlango wake. Anafunga. Anafungua tena, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Bawaba bado imegoma kulia," anasema.

Karakana yake imejaa mabaki: madirisha yasiyo na kuta, miguu ya vitanda, makreti ya soda. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiyageuza kuwa viti na meza, na kila ubao mgeni hulala kwanza siku saba kando ya kitanda chake.

"Mume wangu analalamika tunabanana," anasema akicheka. "Lakini ubao ukishakuzoea, wenyewe unakuambia unataka kuwa nini."

Mlango wa jikoni wa nyumba iliyobomolewa ulitaka kuwa kabati. Aliupiga msasa, akaung'arisha, na bawaba zake kuukuu akazitia mafuta mpaka zikateleza. Akajipongeza.

Bibi mmoja asiyeona, aliyeuleta mlango huo, alikuja kulichukua kabati lake. Akapapasa mbao, akatabasamu, akafungua. Tabasamu likamtoka.

"Fundi, huu si mlango wetu."

"Ndio wenyewe, bibi. Nimeuondolea kelele tu."

"Kelele hiyo ndiyo niliyokuletea."

Akamweleza taratibu. Utotoni, mama yake alikuwa akitoka jikoni alfajiri, na mlango ulipolia, mtoto asiyeona alijua kumekucha. Nyumba imekwenda, mama amekwenda. Kilichobaki ni mlio ule.

"Niliona aibu," anasema Mama Vipande. "Nimemnyamazisha mama wa mtu."

Alimwomba bibi amwachie kabati, akaziosha bawaba kwa mafuta ya taa, akazianika kwenye umande siku kumi na moja, zishike kutu upya. Jana alizirudisha mahali pake.

Jua linapenya kwenye madirisha yaliyoegemeana, na vumbi la mbao linaelea kama halina haraka ya kutua. Anafungua kwa mara nyingine. Bawaba inalia: inaanza chini, inapanda, inajinyoosha kama mtu anayepiga mwayo.

Anampigia bibi simu, anaisogeza kwenye bawaba, anafungua polepole.

Upande wa pili, sauti ndogo: "Kumekucha."

Mama Vipande anajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi. Kesho atalipeleka kabati mwenyewe, na kopo la mafuta amelihifadhi kwa jirani, asije akashawishika.

"Natamani siku moja nipate chumba kikubwa, milango yote isimame," anasema. "Kabla sijaigusa, nitamuuliza kila mwenyewe: mlango wako ulikuwa unasikikaje?"