Piano ya kompyuta inayolia kwi

Jamani, nimenunua piano ya kompyuta, inalia kwi kama mlango wa stoo!

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya, Mgeta nzima wananijua. Mkwe wangu Stella kaniunganishia kinanda kwenye laptop, akaniwekea sauti mbili za piano nichague. Moja ya bure, moja ya kulipia, bei nafuu. Nikamwambia nipe ya kulipia, ya bure waachie wanaojifunza.

Leo asubuhi nabonyeza, piano tamu. Nikikanyaga pedali, kwi!

Na jioni hii kwaya nzima inakuja kusikiliza. Nimeshawatambia!

Nikapaka pedali mafuta ya kupikia. Kwi!

Stella karudi kutoka kufundisha, anacheka. "Shikamoo baba. Hiyo imo kwenye sauti yenyewe. Walirekodi piano ya mbao na pedali yake inavyolia, ndiyo maana wanaiuza."

Yaani nimelipia kelele!

Akanionyesha pa kuipunguza. Tukapunguza mpaka sifuri.

"Sasa si imekuwa kama ile ya bure, baba?"

Haifanani hata kidogo! Nikainamia kinanda nimwonyeshe.

Kwi.

"Wezi hawa!" nikafoka.

Mke wangu akaitikia kutoka jikoni: "Mzee, hiyo ni stuli yako. Nimekwambia tangu Pasaka."

Sasa nimekalia kiti cha plastiki. Kimya kabisa.

Nyie mnaopiga nyumbani, mnatumia sauti gani? Habari ya stuli msiniulize, nilikuwa naijaribu tu.