Kigoda cha Fundi Karabai

Pale Kibirizi, kabla ya vita, karabai iliyougua haikupelekwa kwa fundi mwingine ila Elikana. Wavuvi wa dagaa walimwamini kupita kiasi, naye, tuseme ukweli, alipenda sana kuaminiwa hivyo. Aliijaza taa upepo kwa pampu, akafumba macho, akaweka sikio kwenye tangi na kunyamaza, na karakana nzima ikanyamaza naye. Kisha aligusa kwa kidole: "Inavuja hapa." Na kweli ndipo palipokuwa pakitoa upepo, mluzi mwembamba ambao wengine hawakuusikia hata wakitega sikio mpaka shingo iume. Walimwita Daktari.

Karakana hiyo ilikuwa ya mradi wa uvuvi, chumba kimoja cha mabati kando ya mwalo, pale ziwani mitumbwi inaposhusha dagaa, Elikana na karabai zake upande mmoja, washona nyavu upande wa pili. Msimamizi, Bwana Urbanus, alikuwa amehamishiwa Kigoma kutoka Songea, na alikuwa mtu wa karatasi: jambo lisilokuwa kwenye faili, kwake lilikuwa halijatokea. Mwishoni mwa mwaka 1978 mgambo walipoitwa kwenda vita vya Kagera, Elikana akiwa mmoja wao, Urbanus alimsomea waraka. Ulisema mfanyakazi aliyeitwa jeshini akirudi arudishiwe kazi yake ileile, iwapo bado anaiweza.

"Umesikia, Elikana? Nenda kwa amani. Kazi yako ina ulinzi."

"Nimesikia, bwana."

Washona nyavu hawakuwa na habari na waraka. Wao walikuwa na desturi yao: mwenzao akisafiri, kigoda chake kilitundikwa ukutani kwenye msumari, na hakuna aliyethubutu kukikalia mpaka mwenyewe arudi. Wakakitundika cha Elikana.

Wa kushika nafasi yake alipatikana Dismasi, Mrundi aliyevuka mpaka na mkewe mwaka 1972 wakikimbia mauaji. Urbanus alimwandikia kabisa kwamba kazi si yake, ni ya kushikia tu. Dismasi akakubali kwa Kirundi, "Ego, bwana," akatafuta debe tupu, akaligeuza na kulikalia. Kwa mwaka mmoja na nusu alifanya kazi chini ya kigoda kile bila hata kukigusa.

Elikana alirudi katikati ya mwaka 1980. Alirudi mzima, mikono miwili, miguu miwili, na mkewe Leonia akalia kwa furaha mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Lakini siku ya tatu Leonia alikuwa anakaanga migebuka, akatoka kidogo nje, na aliporudi samaki walikuwa mkaa, mumewe amekaa palepale jikoni anatabasamu.

"Baba Regina! Hukusikia mafuta yanavyolia?"

Hakusikia. Mazungumzo aliyasikia vizuri, na ngoma, na honi ya meli bandarini. Ila sauti nyembamba zote zilikuwa zimebaki kule kwenye mizinga: ndege asubuhi, mafuta kikaangoni, na mluzi wa karabai. Aliogopa kuliko alivyoogopa vitani. Huko angalau walikuwa wengi.

"Usimwambie mtu," alimwambia Leonia. "Waraka unasema iwapo naiweza kazi."

Basi akaenda. Urbanus akatoa faili, akasoma, akapiga muhuri, akafurahi. Washona nyavu wakashusha kigoda, wakakipangusa vumbi, wakapiga vigelegele kana kwamba ni harusi. Dismasi akachukua bisibisi yake moja na kitambaa chake, akampa Elikana mkono, akaenda mwaloni kubeba vikapu vya dagaa. Elikana aliona aibu kumtazama akiondoka, lakini ahueni ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na karabai zote za mwalo huletwa kwa fundi. Elikana akakaa kigodani mbele ya lundo. Alipampu, akafumba macho, akaweka sikio, watu wakanyamaza. Hakusikia kitu. Akakisia. Alibadilisha ngozi za pampu hata pale zilipokuwa nzima, akazungusha kila kilichozungushika, akaomba Mungu.

Giza la mwezi lilipoanza, mitumbwi ikaingia ziwani. Asubuhi ya pili Bi Mwanaima alisimama mlangoni, mama wa Ujiji mwenye mitumbwi minne na ulimi wa tano, nyuma yake vijana wamebeba karabai tatu.

"Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Marahaba, Daktari. Wagonjwa wako wamekufa. Wamezimika katikati ya ziwa, dagaa wakatawanyika, vijana wangu wamerudi na maji tu. Vita imekufundisha kuua mpaka taa?"

Urbanus alitoka ofisini na kalamu sikioni. Watu wakajaa. Akaziweka karabai mezani na kusema, "Elikana, hapa mbele ya wote. Shika mojawapo utuambie inavuja wapi. Nina taarifa ya kupeleka wilayani kuhusu wewe, na sitaki kuandika uongo."

Miongoni mwa watu Elikana alimwona Dismasi, kikapu begani. Akaipampu taa ya kwanza. Akaweka sikio. Kimya cha watu na kimya cha taa vilikuwa kitu kimoja. Angeweza kukisia tena, labda angepata. Lakini aliwafikiria vijana wale ziwani gizani, na kitu ndani yake kikachoka kudanganya.

"Sisikii," akasema. "Masikio yangu yaliharibika vitani. Nimewadanganya. Nisameheni."

 Hata Bi Mwanaima alikosa la kusema, jambo ambalo wazee wa Ujiji wangelipa kuliona. Urbanus aliishusha kalamu sikioni taratibu, kwa huzuni ya kweli.

Ndipo Dismasi alipoweka kikapu chini.

"Bwana Urbanus, na mimi nina la kusema. Mimi sikuwahi kusikia. Tangu siku ya kwanza."

"Hukusikia nini?"

"Huo mluzi. Kila mtu aliniambia Daktari anasikia, nami nikaweka sikio, nikaweka, wapi! Nikaona nitafukuzwa. Nilikuwa nazipeleka nyuma, kwenye pipa la maji. Ninyi mkidhani nazisafisha."

"Majini?" Bi Mwanaima alipata ulimi wake. "Karabai zangu umezitia majini?"

"Tangi tu, mama. Nikaogopa kusema, maana taa iliyoingia majini hapa kila mtu anaihesabu kuwa imekufa."

Wakaenda wote nyuma, hata washona nyavu. Elikana akafungua kioo na kichwa cha taa, akaziba tundu, akapampu, akazamisha tangi. Kutoka kwenye kiungo cha pampu mapovu yakapanda moja moja, kama yale ya tairi ya baiskeli. Kila mtu aliyaona. Elikana alicheka mpaka akashika ukingo wa pipa, na Dismasi akacheka naye, wawili walioteseka kila mmoja kwa siri yake kwa ajili ya mluzi.

Kabla ya saa sita karabai tatu zilikuwa zimepona mikononi mwa Elikana. Urbanus aliandika: kazi anaiweza. Akafunga faili.

"Bado, bwana," Elikana akasema. "Waraka umenilindia nafasi yangu. Lakini huyu ndiye aliyeilinda kazi yenyewe. Angeshindwa, wavuvi wangekwenda kwingine, karakana ingefungwa, ningerudi kwenye nini?"

Urbanus alikuna kichwa, akafungua faili tena. Ilimchukua wiki mbili na barua nne, lakini Dismasi akaandikwa fundi wa pili. Bi Mwanaima akawa anapita akisema karabai zake zimebatizwa bila ruhusa yake, na kila mara akileta nyingine.

Elikana akamwagizia seremala kigoda cha pili. Kilipoletwa, alichukua nyundo akapigilia msumari ukutani, karibu na ule wake wa zamani.

"Huo wa nini?" Dismasi akauliza.

"Wako. Siku kwenu kukitulia ukaenda, kitakaa hapo. Hatakikalia mtu."

Dismasi aliugusa ule msumari kwa kidole. Miaka minane hakuna aliyemzungumzia habari ya kwenda kwao kama kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kisha akarudi.

"Na nikikawia?"

"Mimi nilikawia."

"Urakoze," Dismasi akashukuru kwa lugha ya kwao, akajifuta uso kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Kisha akakaa kigodani, na Elikana akampa karabai iliyofuata.