Siku Niliyotwishwa Mgomba Mbele ya Wageni wa Harusi

Nisiwafiche, mpaka leo nikikaribia kijiwe cha bodaboda pale kwetu Majengo navuka upande wa pili wa barabara, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi, maana wale vijana wakiniona tu lazima mmoja aulize kama ng'ombe amekula, na wenzake wanageukia ukutani kucheka (heshima bado ipo, hawanichekei usoni). Walichokiona walikiona kwa macho yao, na kola ya shati langu waliishika kwa mikono yao.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili mnielewe. Mama yangu mzazi anaumwa huu ugonjwa wa kusahau, ule wa wazee. Ulianza taratibu kule kwetu Mwika, mlimani, chumvi inatiwa mara mbili, vijiko vinakutwa chini ya godoro, padri anaitwa kwa jina la padri aliyekufa zamani (naye akaitika, Mungu ambariki). Baadaye ikawa si kusahau tu, mama akabadilika na tabia. Niliyemjua mimi alikuwa mtu wa sauti ya chini, hata kuku akiingia jikoni alimwomba atoke. Sasa akawa mkali, anashuku kila mtu, na jua likianza kuteremka hakai, anazunguka, anafungua milango, anasema amechelewa. Nikaona kuishi peke yake kule juu ni hatari, nikamteremsha mjini tukae naye, na ng'ombe wake, Tausi, nikamuuza.

Kumbukeni hapo kwamba Tausi nilimuuza mimi.

Sasa mama ana kanuni moja ambayo ugonjwa haujaigusa: mtu hali wakati mnyama aliyefungwa kamba hajala. Ametulea hivyo, tulikuwa tunarudi shule na njaa zetu na bado tunaelekezwa kwanza kwenye majani. Kwa hiyo kila jioni hapa mjini sahani ikiletwa, anauliza Tausi amekula nini. Mwanzoni tulimwambia ukweli kwamba aliuzwa, akalia kama mtu aliyeletewa msiba, kesho yake amesahau, anauliza tena, tunamwambia tena, analia upya. Mke wangu, Mama Doreen, akasema huku ni kumfisha mtu kila siku. Ndipo nikapata ile akili yangu ndogo (nayo ndiyo chanzo cha yote), nikamwambia mama kwamba Tausi yuko nyuma ya nyumba na nimeshampa majani. Akala. Akamaliza, akaomba na chai. Nikajiona na mimi ni daktari.

Dawa hiyo ilitufaa vizuri tu, mpaka wiki ya harusi ya Zuhura.

Zuhura ni binti wa jirani tunayepakana naye ukuta. Sisi ni Wakatoliki wao ni Waislamu, Krismasi wanakuja, Idi tunakwenda, na chumvi tunaazimana mwaka mzima. Mama Zuhura akaniweka kwenye kamati, kazi yangu kupamba lango, na mimi kwa kupenda sifa (Mchagga na sifa, tuseme tu ukweli) nikasema sitaki migomba ya sokoni, nitaleta ya kwetu, kutoka kihambani kwa mama, lile shamba tulilozaliwa ndani yake. Nikapanda Mwika, nikakata miwili yenye mikungu ya kueleweka, nikaisimamisha langoni kwa Mama Zuhura kushoto na kulia. Kila aliyepita akasifia.

Wiki hiyo hiyo mama akagoma kula. Kila nikimwambia Tausi ameshakula ananitazama kwa dharau, anasema, "Hajala. Analia." Nasema amekula, nimempa kwa mkono wangu mwenyewe. Anasukuma sahani. Asubuhi anakunywa chai kidogo, basi. Gauni likaanza kumpwaya mabegani, daktari akasema akiendelea hivyo itabidi alazwe, awekewe maji kwenye mshipa, na mimi namjua mama: kitanda kigeni, watu asiowajua, sindano asiyoelewa ni ya nini, angetoka huko si yule aliyeingia, au asingetoka kabisa. Niliogopa, jamani, niliogopa sana. Na bado kila jioni nikawa namwambia Tausi amekula.

Jumamosi jioni ndipo wageni wa bwana harusi walipokuwa wanaingia kutoka Tanga, ndoa inafungwa kesho yake. Mama Doreen alikuwa ameshakwenda kusaidia kupika, akaniachia mimi kumwangalia mama. Nikavaa suti yangu ya kijivu, nikamkalisha mama barazani, nikaingia ndani kutafuta tai. Tai tu. Natoka, kiti kitupu, na panga la kufyekea halipo pale linapokaa.

Nilisikia kabla ya kuona. Mliokulia uchaggani mnaujua mlio wa mgomba ukikatwa, ule mlio wa kitu kibichi chenye maji. Natokea barabarani, mgomba wa kushoto uko chini, mama ameshaukatakata vipande vya kulisha ng'ombe, kwa ustadi wake ule ule wa zamani, na sasa anauendea wa kulia. Na gari la wageni ndiyo linasimama, mashangazi wa bwana harusi wanashuka na mabaibui yao mapya, dufu zimeanza kupigwa, halafu zikanyamaza moja moja.

Mwenzenu badala ya kwenda taratibu nikakimbia, nikalidaka panga kwa nyuma. Mama akageuka, akanitazama, nikaona machoni mwake kwamba hanijui. Akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akasema mwizi.

Neno hilo mnajua likitamkwa mjini na bibi kizee linaleta nini. Vijana wa bodaboda walifika kabla sijaachia panga, na mimi ni fundi magari, wamezoea kuniona na ovaroli, kwa suti ile hakuna aliyenitambua. Mmoja kola, mwingine mkanda. Nawaambia huyu ni mama yangu, wananiambia kila mwizi ana mama.

Mkubwa wao akamwinamia kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Huyu unamfahamu?"

"Marahaba. Simjui," mama akasema. "Lakini ng'ombe wangu ni yeye aliyemchukua."

Jina langu lilikuwa limempotea, sura yangu imempotea, lakini hilo hakukosea. Nikaona aibu ambayo haikuhusiana kabisa na wageni.

Yule kijana akamwuliza wanifanyeje. Mama akanipima kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Abebe," akasema.

Basi nikabeba. Mama mwenyewe alinivua koti la suti, akalisokota ngata, akaniwekea kichwani, vijana wakanitwisha vipande vya mgomba vilivyofungwa kwa majani yake, maji yananitiririka shingoni (na utomvu wa mgomba ukikauka kwenye nguo hautoki, suti ile sasa ni ya kuingilia chini ya magari). Kwetu kubeba malisho ya ng'ombe kichwani ni kazi ya akina mama, mwanamume mzima ukionekana na mzigo huo utasimuliwa mpaka na wajukuu. Nikapita katikati ya wageni hivyo hivyo. Wakanipisha, na shangazi mmoja akapiga kigelegele, nadhani alidhani ndiyo mila yetu ya kupokea watu.

Mama alitangulia, panga mkononi. Nilidhani anaelekea nyumbani, nikaanza kushukuru kimoyomoyo, lakini akalipita lango letu, akakata kwenye kichochoro kinachozunguka nyuma kwa Mama Zuhura, na sisi wote nyuma yake, bodaboda, mashangazi na wapiga dufu, tukatokea uani. Na pale, kwenye nguzo karibu na karo, alikuwa amefungwa fahali wa harusi.

Alikuwa pale tangu katikati ya wiki. Ndoo ya maji imepinduka, chini pakavu, hakuna hata jani moja. Alipotuona akatoa mlio mkavu, na nikautambua, maana nilikuwa nausikia kila jioni kupitia ukuta ule, mimi na mtaa mzima, na hakuna aliyeusikiliza isipokuwa mgonjwa wetu. Hajala, analia. Mama alikuwa anaeleza jambo lililopo, na mimi kila siku namjibu kwa uongo.

Mama Zuhura akatoka jikoni na mikono yake ya unga, akamwona fahali, akajishika kichwa. Alidhani watu wa kamati ndio wanaomlisha. Watu wa kamati (nikiwemo mimi niliyesimama na mzigo kichwani) tulidhani wanamlisha watu wa nyumbani.

"Astaghfirullah," akasema. "Na kesho tungemchinja na njaa yake."

Mama hakutusikiliza. Alinitua mzigo, akaagiza maji, akaanza kumlisha kipande kimoja kimoja huku akimsemesha Kichagga, na fahali yule aliyewatoa jasho vijana kumteremsha garini akawa anakula mkononi mwake. Vipande vilipokwisha mama akajifuta mikono kwenye gauni, akanigeukia.

"Aloyce," akasema, "mbona umelowa hivyo? Twende tukale."

Akala. Alikaa kwenye mkeka na mashangazi wa Tanga, akala pilau, akaongezewa, akala tena, na mimi nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji kwa muda mpaka macho yangu yakauke. Lango likabaki na mgomba mmoja, picha zote za harusi zinaonyesha hivyo. Fahali alichinjwa alfajiri, ndiyo, harusi ni harusi, na mama nikampeleka misa ya kwanza asisikie.

Hospitali hakulazwa. Mtaa wa pili kuna mzee mstaafu anayefuga ng'ombe wa maziwa, na jioni tunampelekea majani, mama mbele, mimi nyuma na mzigo (naubeba begani, ila mama akisisitiza kichwani, kichwani). Kuna siku ananijua, kuna siku mimi ni yule mwizi anayetumikia adhabu yake, na siku zote mbili mzigo ni ule ule. Ila nimeapa jambo moja. Mama akiniambia ng'ombe hajala, simwambii tena amekula. Navaa viatu.