Piano Nzito Tuliyoifuata Iringa

Kinanda cha kanisa letu pale Mbeya kilikufa polepole. Kilikuwa cha kukanyaga, unapiga kwa mikono huku miguu ikisukuma hewa, na panya walikuwa wametafuna ngozi ya mifuko yake ya ndani mpaka kila ubeti ukaishia kwa mlio wa mtu mwenye pumu. Nilikuwa nimekipiga tangu nikiwa mwanafunzi. Sasa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa bado, na kila Jumapili nilitoka kanisani magoti yakiniuma kuliko vidole.

Ilikuwa miaka ile reli ya kwenda Zambia inajengwa. Wazee wa kanisa walikubaliana tupate kinanda kingine kabla ya sikukuu ya mavuno. Habari zikatufikia kwamba Iringa kulikuwa na viwili vinavyouzwa, na bei zake hazikupishana sana, hivyo kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua. Tukatumwa watu wawili: mimi, kwa kuwa ndiye mpigaji, na mwalimu wa kwaya.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee wa Kinyakyusa, mwalimu mstaafu, mrefu, ambaye suruali yake ya kaki ilikuwa na mstari wa pasi hata siku ya palizi. Ndiye aliyenifundisha do-re-mi nikiwa mtoto. Zamani aliweza kumtambua mtu mmoja anayekosea katikati ya kwaya nzima, akamnyooshea kidole bila kusimamisha wimbo. Siku za karibuni alikuwa ameacha kunyoosha kidole. Tulidhani uzee umempa upole.

Kinanda cha kwanza kilikuwa sebuleni kwa mfanyabiashara wa Kihindi, orofani juu ya duka lake, mjini Iringa. Kilikuwa cha umeme, kipya kiasi, kinang'aa. Nilipokigusa nilishtuka kwa jinsi vibao vyake vilivyokuwa vyepesi. Ukivigusa tu vinaitika. Nikapiga tenzi mbili tatu bila kosa. Mke wa mfanyabiashara akatoka jikoni kusikiliza, mikono ina unga. Mimi mwenyewe nikajisikia fundi.

"Vizuri sana, mwanangu," mwalimu wa kwaya akasema. Alikuwa amesimama karibu, anatazama mikono yangu. "Sasa nipigie sauti za juu. Nataka kusikia kama zina ukali."

Nikapanda juu, nikapiga sauti ya kwanza, ile ya kina mama, ya wimbo tuliouzoea.

"Panda juu," akasema.

"Niko juu, baba."

"Panda zaidi. Hujaanza kupiga."

Nilikuwa nimekishikilia kibao cha mwisho kabisa kulia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inachoma masikio, na mama wa nyumba alikuwa amekunja uso. Mwalimu wa kwaya alikuwa ananisubiri, ametulia. Nikainua kidole. Nikasema, "Zina ukali wa kutosha, baba."

Tuliposhuka ngazi na kufika barabarani nilishindwa kunyamaza. Nikamuuliza, "Baba, hukusikia?"

Tulitembea mpaka karibu na soko, akasimama penye kivuli cha ukuta, akavua kofia.

"Sauti ya kwanza imeniacha," akasema. "Ilianza mwaka jana. Ndege walinyamaza kwanza, nikadhani ni baridi. Halafu kina mama kwenye kwaya. Besi nawasikia vizuri, wewe tukiongea nakusikia. Lakini wale wa juu nawaongoza kwa kutazama midomo yao."

Nilifikiria Jumapili zote alizotuambia tumeimba vizuri.

"Kwaya wasijue kwanza," akasema. "Nitawaambia mwenyewe."

"Sawa, baba."

Kesho yake asubuhi tulipanda gari la mizigo kwenda shamba la tumbaku nje ya mji, kwa mama mmoja wa Kigiriki aliyefiwa na mumewe na aliyekuwa anajiandaa kuondoka nchini. Alitupokea barazani kwa "kamwene", kama Mhehe yeyote, kwa sababu alikuwa amekulia hapo, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya wenyeji wa pale. Sebule ilikuwa tupu, mazulia yamekunjwa. Kilichobaki ni piano, imesimama ukutani, mbao zake nyeusi zimepauka upande wa dirisha.

Nikakaa. Vibao vilikuwa vingi kuliko nilivyowahi kuona, vimeenea kushoto na kulia mpaka ilibidi nijinyooshe kuvifikia vya mwisho. Nikaanza utenzi uleule niliopiga mjini. Vibao vikanigomea. Vilikuwa vizito, kila kimoja kilitaka kusukumwa mpaka chini, na kidole changu cha mwisho hakikuwa na nguvu hiyo. Sauti nyingine zilitoka kwa kishindo, nyingine hazikutoka kabisa. Kufika ubeti wa pili jasho lilikuwa linanitoka, na wimbo ulikuwa umevunjika vipande.

"Usigonge," yule mama akaniambia. "Hapa si miguu wala umeme. Ni uzito wa mkono wako tu. Ukiuweka kidogo, inanong'ona. Ukiuweka wote, nyumba nzima inasikia."

Akainama pembeni yangu akapiga sauti moja, ileile, mara kadhaa: kwanza kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala, halafu kwa nguvu zaidi na zaidi. Nilimwangalia mkono. Nikajaribu. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia kidole changu mwenyewe. Kwenye kinanda cha kukanyaga, na hata kile cha umeme, ubonyeze kwa hasira au kwa huruma, sauti ni ileile. Hii ilinijibu kama nilivyoiuliza.

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameweka kiganja ubavuni mwa piano. "Besi zake nazisikia mpaka kwenye mfupa," akasema. Kisha akanivuta barazani.

"Tuchukue kile cha mjini," akasema. "Mavuno yamekaribia. Kile unakiweza leo. Hii itakuaibisha mbele ya usharika mzima."

"Itaniaibisha, ni kweli."

"Sasa?"

"Kile cha umeme nimekiweza chote jana, baba. Nikikaa nacho miaka kumi nitapiga vilevile. Na umeme wa Mbeya unaujua mwenyewe."

"Watasema nimeleta kabati."

"Waniseme mimi. Mwambie mwenyekiti wa wazee ni mimi niliyechagua."

Akanitazama muda mrefu. Tangu utoto wangu nilikuwa sijawahi kumbishia. "Wewe ndiye utakayekaa nayo," akasema mwishoni, akarudi ndani kuzungumza na mwenye mali.

Tulirudi nayo kwa lori, imefungwa kwa mablanketi. Tulipofika Chimala, njiani, dereva alisimama kupakia mpunga, na wafanyabiashara wa soko wakaja kuchungulia. Mama mmoja aliuliza kama ni jeneza la tajiri. Nikapanda, nikafunua kifuniko, nikapiga do-re-mi kwa mkono mmoja. Wakapiga vigelegele, wakataka tena, mpaka dereva akapiga honi.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa mbaya kama tulivyotabiri. Mahindi, ndizi na kuku vimejaa mbele ya madhabahu, kanisa limejaa, na mimi napiga kama mtu anayetembea na viatu vya mwenzake. Kwaya ilinitangulia, ikanisubiri, ikanitangulia tena. Nyuma yangu nikamsikia mzee wa kanisa akimwambia mwenzake, "Kile cha panya kilikuwa na nafuu." Nilikaza macho kwenye vibao ili machozi yasidondoke.

Jumamosi iliyofuata, kwenye mazoezi, wanakwaya walianza kunilaumu waziwazi. Mwalimu wa kwaya aliwaacha wamalize. Halafu akasimama, akawaambia habari ya masikio yake kama alivyoniambia mimi, hakupunguza kitu. Kina mama wa sauti ya kwanza walitazamana. Mmoja akaanza kulia.

"Usilie, mama, maana ukilia sikusikii pia," akamwambia, na watu wakacheka huku wamechanganyikiwa. "Kuanzia leo mimi nitashika wanaume, besi na tena. Kina mama watashikwa na huyu. Na piano mwacheni nayo. Amechagua kujifunza upya mbele yenu. Ni wangapi humu mngekubali?"

Tukaendelea na mazoezi.

Mwaka ule nilipiga kila jioni baada ya shule, kanisani, nimevaa sweta mbili kwa baridi ya Mbeya. Kidole cha mwisho kiliuma, kikavimba, kikapata nguvu. Taratibu nikaanza kugundua mambo ambayo kinanda cha zamani hakikuwahi kuniruhusu: kuacha mkono wa kulia unong'one huku wa kushoto unaimba. Siku moja mkono wa kushoto ukapata tuni ambayo haikuwa ya kitabu chochote. Nikairudia mpaka nikaiamini. Nikaitungia maneno, nikampa besi tuni yenyewe, na sauti za juu nikazifanya zimsindikize.

Nilimpigia mwalimu wa kwaya kabla ya mtu mwingine yeyote. Alivuta benchi, akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Huu wimbo wa nani?" akauliza.

"Wangu."

"Umeuweka wote kwenye sauti za chini."

"Ndiyo, baba."

"Basi nifundishe," akasema. Nikamfundisha, mstari kwa mstari, kama alivyonifundisha yeye ubaoni. Alikosea mara mbili ubeti wa tatu, nikamsahihisha, akakubali. Tuliuimba Pasaka, yeye akiwa mstari wa nyuma pamoja na besi, na mimi nikiongoza kwa kichwa kutoka kwenye piano.