Mate ya Nasieku

Arbia Hirsi alizaliwa Balambala kwa wafuga ngamia. Mpaka anaajiriwa kufundisha chekechea ya kambi ya jeshi mjini Garissa, mwaka wa tisini na tano, alidhani Kenya ni Wasomali na watu wa serikali, basi. Siku ya kwanza alipigwa na butwaa. Chumba kimoja cha mabati kilijaa watoto wa wanajeshi, Wasamburu, Waluhya, Wakamba, Wateso, kila mmoja na namna yake ya kusalimu na hata ya kulia. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Wallahi, Adow, Mungu hakuchoka kuumba."

Siku moja Nekesa, mke wa koplo kutoka Bungoma, alikuja kumchukua binti yake huku amekipakata kitoto kichanga. Nasieku, mtoto wa sajini Msamburu, mwenye miaka minne, akasogea. Alikitazama kile kitoto kwa mapenzi makubwa, kisha, tfu! akakitemea mate kwenye paji la uso.

Kilichofuata usiulize. Nekesa alipiga mayowe kwamba mwanawe amerogwa, na akina mama wenzake wakaja juu. Neno lao lilikuwa moja: kesho wakimkuta Nasieku darasani, wanawatoa watoto wao wote.

Arbia alikwenda kwa akina Nasieku. Sajini alikuwa doria mpakani. Mkewe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alimkaribisha kwa aibu. Nasieku alikuwa amejikunyata nyuma ya mlango.

"Mate hapana tusi, mwalimu," mama yule alisema. "Kwetu jua kali, maji hakuna. Mtu akipenda mtoto, anapea yeye maji ya mdomo. Anasema, Mungu akulinde. Nyanya yake Nasieku alifanyia yeye hivyo."

Mwili ulimsisimka Arbia. Wiki ile ile mwanawe mwenyewe alikuwa na homa, na sheikh alimsomea Kurani, akampulizia kifuani pumzi yenye mate kidogo. Arbia aliitikia amin kwa moyo wote. Leo mbele yake ameketi mwanamke asiyejua hata aya moja, kutoka milima ambayo Arbia hajawahi kuiona, na dua yao inapita njia ile ile. Nani aliwafundisha? "Subhanallah," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi, wala hakuyaonea haya.

Asubuhi, Nasieku na mama yake wakiwa kando yake, aliwaeleza akina mama yote hayo. "Hii mtoto hakuroga mtu," alisema. "Alikuwa anaomba dua."

Wakaguna. Nekesa akabetua midomo. "Ni rahisi kusema, mwalimu. Wewe ungekubali?"

Arbia alipiga magoti vumbini na buibui lake, akamwinulia Nasieku uso. "Nibariki mimi, hooyo," alisema, akimwita vile mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe.

Nasieku alimtazama mama yake, akawatazama wale wanawake. Akabana midomo, akajaribu. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kidevu kikimtetemeka.

"Hayaji, mwalimu," alinong'ona. "Mdomo umekauka. Naogopa."

Nekesa alimwangalia mtoto yule. Kisha akapekua mkoba wake, akatoa chupa ya maji, akachuchumaa mbele yake.

"Kunywa kwanza, mama," alimwambia. "Halafu uanze na huyu wangu."