Kisu Kisicho na Pengo

Muuzaji anakigonga kisu kinene kwenye nguzo ya chuma ya kibanda chake. "Mathe, hii haiwezi vunjika." Cheche zinaruka, na harufu ile ya chuma kilichoungua inanirudisha shambani kwetu, msimu wa kupogoa chai.

Mjomba alikuja na kisu kama hicho. Akakipiga kwenye jiwe mara tatu, akajisifu kama aliyeua simba. "Dada, tupa hiyo yako. Hii ndiyo kisu!"

Cha mama kilikuwa chembamba, kimeliwa na tupa ya kunolea miaka mingi. Alikipima kwa kidonda kinachobaki kwenye mchai tu: shina lilibaki nyororo, limekatwa mshazari ili mvua isituame.

"Haya, kata laini moja ya chai tuone," mama akamwambia.

Mjomba akakata kama mpasua kuni. Mashina yakapasuka hadi chini, maganda yakaning'inia kama matambara. Mama akashika shina moja lililochanika, akamtazama.

"Kwani hapa nimepanda mawe?"

Laini ile yote ilikauka. Kisu hakikupata pengo hata moja, na mjomba alituonyesha hilo kila Krismasi.