Baba Alipiga Mara Tano

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nasoma kwa mtandao katika chumba changu cha kupanga Lizaboni, baba alipofia shambani kwake Mshangano. Nilisomea uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, yaani kutoa ukweli uliomo ndani ya simu na kompyuta bila kuuharibu. Baba aliwaambia watu kwamba binti yake anasomea upolisi wa simu.

Asubuhi alikwenda kupalilia mahindi. Jirani aliyepakana naye shamba ndiye aliyemkuta jioni, amelala kifudifudi kati ya matuta, mvua imemnyeshea. Wawili hao walikuwa wakigombania mpaka tangu mwaka juzi, na kabla matanga hayajaisha ndugu walishaanza kunong'ona kwamba jirani alimwona mapema akamwacha.

Siku ya tatu baada ya mazishi, kaka yangu mkubwa aliniletea simu ya baba.

"Wewe ndiye unayesomea mambo haya," alisema. "Angalia alimwomba nani msaada akakataa kuja. Nikiikuta namba ya jirani humo, naenda polisi."

Kioo kilikuwa kimekufa kwa maji. Fundi mmoja wa Msamala alikibadilisha, na mchoro wa kuifungua niliujua, maana nilimwekea mwenyewe. Nikanakili kila kilichomo ndani ya simu, nikakihifadhi kwenye kompyuta yangu, kama tulivyofundishwa, kisha nikafungua orodha ya simu alizopiga.

Alipiga mara tano, kuanzia saa nne kasorobo hadi saa tano kasoro dakika kumi. Zote kwa namba moja, na hakuna iliyopokelewa. Namba ilikuwa yangu.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye mtihani. Kamera ya kompyuta ilinitazama tangu saa tatu hadi saa sita, na masharti yalitaka simu izimwe na kuwekwa nje ya chumba. Nilipoiwasha, haikunionyesha kwamba kuna mtu alinitafuta.

Nilikaa na orodha ile siku nzima. Kuifuta ilikuwa kazi ya dakika moja, na katika ukoo wetu hakuna ambaye angegundua. Ila lawama zingebaki kwa jirani.

Kesho yake nilimpa kaka karatasi niliyochapa orodha ile. Aliisoma mara mbili.

"Hii ni namba yako."

"Ni yangu. Nilikuwa kwenye mtihani, nimezima simu."

Hakunilaumu, wala hakunipa pole. Alikunja karatasi, akauliza, "Ulifaulu?"

Nikamwambia matokeo bado.

Kwa jirani nilikwenda mwenyewe. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote, nikamwomba radhi kwa niaba ya ukoo. Alinisikiliza amesimama mlangoni. Akasema siku ile alishinda mashineni kusaga, ndiyo maana alifika shambani jioni. Angekuwepo angemsikia, na angekwenda, hata kama walikuwa hawasemeshani. Hakunikaribisha ndani.

Mahindi ya baba tuliyavuna wawili, mimi na kaka, kila mmoja na mstari wake. Tulimaliza shamba lote bila kuzungumza.